Deni la Ulimi



Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 30. Elimu yangu ya skuli iliishia darasa la saba; yaliyobaki niliyapata kwenye majamvi ya masheikh. Kiingereza changu ni kidogo mno, wala sioni haya kulisema, kwani jambo nitakalosimulia lilianza kwa kitabu cha Kiingereza nisichoweza kukisoma mwenyewe. Nalisimulia kwa kuwa lilinifunza, na kwa kuwa nachelea kwamba nyumba zetu nyingi zina ugonjwa ule ule uliokuwamo nyumbani kwangu.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, afundishaye Kiingereza katika skuli ya sekondari. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alikuja nyumbani amechukua kitabu, akaniamkia, kisha akasema, "Mjomba, leo nimewaletea Dar es Salaam ya zamani." Kitabu hicho chaitwa Going Solo, kilitolewa mwaka 1986, na mtungaji wake ni Roald Dahl, Mwingereza aliyezaliwa Wales mwaka 1916 kwa wazazi waliotoka Norwe, akafariki tarehe 23 Novemba 1990. Huenda baadhi yenu hamlijui jina hili, lakini watoto wenu wasomao Kiingereza walijua sana, kwani ndiye aliyetunga Matilda na Charlie and the Chocolate Factory, hadithi ambazo watoto wa dunia nzima wamezipenda.

Kumbe mtu huyo aliishi hapa kwetu. Mwaka 1938 aliletwa na kampuni ya mafuta ya Shell, naye ni kijana wa miaka 22, akakaa Dar es Salaam hata vita vikuu vya pili vilipoanza mwaka 1939. Alijifunza Kiswahili. Aliandika habari za nyoka na simba, na za mtumishi wake aliyemwita Mdisho. Vita vilipotangazwa alitiwa kwa muda katika jeshi la King's African Rifles, akapewa kazi ya kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakiishi katika nchi hii, kisha akaenda Nairobi kujifunza kurusha ndege za vita.

Basi mpwa wangu akawa anasoma na kutufasiria, nasi tumekaa jamvini, watoto wametoa macho. Nakiri kwamba niliona fahari kidogo, mtu mashuhuri kama huyo kuwa aliyakanyaga mapito haya tunayoyakanyaga sisi.

Binti yangu mdogo, aliye kidato cha tatu, akauliza, "Kaka, lakini huyu si ndiye asemwaye kuwa aliwatukana Mayahudi?" Mpwa wangu akanyamaza kidogo, akakifunga kitabu, kidole chake kikiwa kati ya kurasa, akajibu kwamba ndiye. Hapo mwanangu mkubwa wa kiume, aliyekuwa ameegemea mlango akitazama simu yake, akacheka, akasema, "Basi huyo mzee alikuwa mtu wetu!"

Nami nikacheka. Sikusema neno; nilicheka tu, kisha tukaagana tukalala.

Siku ya tatu yake nilikuwa chuoni, wakati wa watoto kupumzika. Mtoto mmoja alikuwa na maandazi mawili. Mwenziwe akamwomba kipande, akamnyima. Yule aliyenyimwa akapaza sauti akasema, "Yahudi mkubwa we!" Na wengine wakaitikia wakacheka, hata mwenye maandazi akalia machozi. Nikainuka na bakora yangu, nikamwendea aliyetukana, nikamwuliza kwa ukali, "Neno hilo umelitoa wapi?"

Mtoto huyo ana umri wa miaka 9, wala si jeuri. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akanijibu, "Kwako, Maalim. Ulituambia asiyewapa wenziwe ana roho ya Kiyahudi."

Ndugu wasomaji, niliishusha bakora. Maana alisema kweli. Nilikuwa nimelisema neno hilo, si mara moja wala mara mbili, tena mbele ya misahafu iliyofunuliwa. Na mimi nililipata wapi? Nililipata kwa mwalimu wangu wa kwanza, Mwenyezi Mungu amrehemu, nilipokuwa mdogo kama mtoto yule. Nililipokea pamoja na alifu na be, nikalihifadhi, nikalirithisha. Na katika maisha yangu yote sijapata kuketi na Myahudi hata mmoja, wala kumwuzia kitu, wala kununua kwake, wala kudhulumiwa naye. Nilikuwa nimebeba chuki juu ya watu nisiowajua, kama mtu abebaye mzigo wa mwenyewe asiyemjua, asiulize ndani mna nini.

Usiku ule nilimwita mpwa wangu. Nikamwambia, "Nieleze barabara huyu marehemu wako alisema nini. Usinipunguzie wala usiniongezee." Maana kicheko changu cha usiku ule kilianza kunisumbua. Nilicheka juu ya neno nisilolijua.

Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyofahamu.

Mwezi wa Juni mwaka 1982 jeshi la Israel liliingia Lebanon, likauzingira upande wa magharibi wa mji wa Beirut kwa majuma mengi, likiupiga kwa mizinga na ndege. Raia wengi walikufa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, katika makambi ya Sabra na Shatila yaliyojaa wakimbizi wa Kipalestina, wanamgambo wa Kikristo wa Lebanon waliingia wakaua wanaume, wanawake na watoto, ilhali jeshi la Israel limeyazunguka makambi hayo. Mwaka 1983 kikatoka kitabu juu ya mateso ya Beirut, chaitwa God Cried, na Roald Dahl akaandika maoni yake juu ya kitabu hicho katika gazeti la London liitwalo Literary Review.

Mpaka hapo alipowalaumu waliopiga mabomu, sina la kumlaumu. Kumkemea mwenye kuua asiye na hatia ni wajibu, awe nani. Lakini hakuishia hapo. Aliandika kana kwamba aliyeupiga mji ule si serikali wala jeshi, bali ni kaumu nzima ya Mayahudi iliyogeuka ghafula, ikaacha kuwa ya kuhurumiwa ikawa ya wauaji. Kisha, mwaka ule ule, alipohojiwa na gazeti la New Statesman, alisema kwamba katika tabia ya Mayahudi mna kitu kiwachokozacho watu kuwachukia, na kwamba hata Hitler hakuwaandama bure bila sababu. Na mwaka 1990, miezi michache kabla ya kufa kwake, aliliambia gazeti la The Independent kwamba yeye ni mpinzani wa Israel na kwamba amekuwa mwenye kuwachukia Mayahudi. Hakulazimishwa, alilikiri mwenyewe.

"Mjomba, umeifahamu maana yake?" akaniuliza.

Niliifahamu. Hitler na watu wake waliwaua Mayahudi wapatao 6,000,000, wakiwamo wazee wasioweza kutembea na watoto wachanga. Kusema kwamba hakuwaandama bure ni kumtwika mtoto mchanga sehemu ya kosa la kuuawa kwake. Na la kustaajabisha zaidi ni kwamba msemaji wa neno hilo alikuwa miongoni mwa waliompiga vita Hitler: ndege yake ilianguka katika jangwa la Afrika ya Kaskazini mwaka 1940, akaumia vibaya kichwani, na alipopona akaenda kupigana na ndege za Wajerumani huko Ugiriki mwaka 1941. Kwa mkono wake alimpinga dhalimu, na kwa ulimi wake, miaka 40 baadaye, akamtafutia udhuru.

Mwanangu mkubwa alikuwa akisikiliza. Akasema, "Baba, sasa wewe unawatetea? Huoni yaliyotendeka Gaza?" Akanionyesha simu yake. Najua mna nini ndani ya simu hiyo, nanyi mwajua: katika vita vilivyoanza Oktoba 2023 watu makumi elfu wameuawa Gaza, na watoto wengi miongoni mwao. Moyo wa kijana umewaka moto, wala mimi sitaki kuuzima. Moyo usiowaka kwa jambo hilo umekufa.

Lakini nilimwambia, "Mwanangu, nakuuliza nawe unijibu. Katika siku ile ya kwanza, tarehe 7 Oktoba 2023, walipouawa watu wapatao 1,200 katika Israel, wamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Je, ndugu zao wakisema kwamba Waislamu wote ni wauaji, na wewe uliye hapa Dar es Salaam umo, watakuwa wamesema haki?" Akajibu, "La." Nikamwambia, "Basi mizani ni hiyo hiyo. Huwezi kuishika unapopimiwa na kuitupa unapopima."

Tena nikamweleza jambo alilonieleza mpwa wangu, ambalo sikulijua. Baada ya mauaji ya Sabra na Shatila, tarehe 25 Septemba 1982, huko Tel Aviv walikusanyika watu waliotajwa kufikia 400,000, wengi wao Mayahudi, kuilaumu serikali yao wenyewe na kutaka uchunguzi. Uchunguzi ukafanywa, na mwaka 1983 ukamtia lawamani waziri wao wa ulinzi, Ariel Sharon, hata akauacha uwaziri huo. Mambo haya yote yalikwisha kutokea na kutangazwa kabla ya marehemu yule kuandika maneno yake. Basi aliposema Mayahudi ni tabia moja, aliwatukana pamoja na wengine wale waliokuwa wamesimama barabarani wakisema lile lile alilotaka lisemwe. Hii ndiyo hasara ya kumhukumu mtu kwa kabila lake: humwona adui hata katika yule aliye pamoja nawe.

Sasa tuje katika dini yetu, maana mimi si mwanasiasa, na mizani yangu ni ile niliyofundishwa jamvini.

Wafasiri wa Kurani wanasimulia, katika sababu za kuteremka aya za Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105, kwamba palikuwa na mtu mmoja wa Madina, anayehesabika katika Waislamu, aliyeiba deraya ya vita. Alipoogopa kugunduliwa akaipeleka kwa Myahudi mmoja, ili lawama imwangukie yule. Jamaa zake wakamwendea Mtume (S.A.W.) wamtetee mtu wao. Tazameni hali ilivyokuwa: mwizi ni "mtu wetu", na anayesingiziwa ni Myahudi, tena zama hizo kulikuwa na uadui mkubwa baina ya Waislamu na baadhi ya makabila ya Kiyahudi. Na wahyi ukateremka kumtakasa yule Myahudi, na kumwonya kila mtu asiwe mtetezi wa wahaini. Aya hizo tunazisoma katika sala zetu hata leo, na zitasomwa hata Siku ya Kiyama. Mwenyezi Mungu alilihifadhi jina jema la Myahudi mmoja aliyeonewa ndani ya Kitabu chake kitukufu. Nani basi aliyenipa mimi ruhusa ya kulichafua jina la wote kwa sababu ya maandazi?

Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumeamrishwa kwamba chuki tuliyo nayo juu ya watu fulani isitupeleke katika kutofanya uadilifu. Zingatieni kwamba aya haikusema kuwa hakuna sababu ya kuchukizwa. Imekubali kwamba huenda chuki ikawapo, na huenda mtu akawa ametendwa ubaya kweli. Kisha ikatutaka haki mahali pale pale palipo pagumu. Kumfanyia uadilifu umpendaye si kazi.

Na kama mtu ataniambia kwamba neno "Yahudi" ni neno tu, wala halimuumizi mtu, basi na amkumbuke Bibi Safiya (R.A.), mke wa Mtume wetu. Babake alikuwa Myahudi, tena ni mkubwa katika maadui wa Waislamu. Imepokewa katika Tirmidhi kwamba bibi mwenziwe alimwita binti wa Myahudi, naye akalia. Mtume (S.A.W.) alipomkuta analia akamliwaza, akamjulisha kwamba yeye ni binti wa Nabii, na ami yake ni Nabii, na yuko chini ya Nabii, basi mwenziwe ajifakharisha juu yake kwa lipi? Kisha akamwamrisha aliyesema amche Mwenyezi Mungu. Mimi hadithi hii niliijua, na niliwahi kuifundisha. Lakini niliifundisha kama habari ya ugomvi wa wakewenza, sikuifundisha kama hukumu juu ya ulimi wangu.

Sasa lipo swali ambalo binti yangu aliniuliza, na ni swali la haki: "Baba, si tumekatazwa kuwatukana maiti? Mbona tunamsema marehemu?"

Ni kweli. Imepokewa katika Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuwatukana waliokufa, kwani wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Roald Dahl amekwisha kufika huko. Sisi hatujui moyo wake ulikuwaje saa ya mwisho, wala si kazi yetu kumgawia mahali pa kukaa. Lakini wanachuoni wetu wametufundisha kupambanua. Wale waliokusanya hadithi za Mtume waliwachunguza wapokezi mmoja mmoja, walio hai na waliokufa. Wakasema fulani ni mkweli, fulani ni msahaulifu, fulani haaminiki. Hawakusema hivyo kwa kuwatukana, bali kwa kuwalinda watu wasiokote uwongo wakadhani ni dini. Mtu akifa hufunikwa kwa sanda, lakini neno lake halifunikwi. Hubaki likitembea katika vinywa vya walio hai. Mtu tunamwachia Mola wake. Neno hatuna budi kulihukumu, maana ndilo lililo mikononi mwetu.

Na hukumu yangu juu ya maneno yale ni hii: yalikuwa ni dhuluma. Hasira juu ya Beirut haiyahalalishi. Umashuhuri wake hauyapunguzi. Bali unayazidisha, kwa kuwa neno la mtu asikilizwaye na maelfu hufika mbali. Na kule kutupendeza baadhi yetu hakuyatakasi, bali kwatutia sisi katika hesabu.

Lipo jambo jingine tunalopaswa kulijua sisi Waafrika kabla hatujamwita "mtu wetu". Katika chapa ya kwanza ya Charlie and the Chocolate Factory, ya mwaka 1964, wafanya kazi wa kile kiwanda cha chakleti walikuwa ni watu weusi wafupi waliotolewa katika misitu ya Afrika, wakasafirishwa ndani ya masanduku, na ujira wao ni mbegu za kakao. Watu weusi wa Marekani wakalalamika, naye akakubali kubadili. Chapa ya mwaka 1973 ikawaeleza watu wale kwa sura nyingine. Nataja haya kwa mambo mawili. La kwanza, kalamu izoeayo kuwadharau watu kwa makundi haichagui kundi moja. Leo yamcheka Myahudi, jana ilikucheka wewe. La pili, mtu huyu alikuwa na uwezo wa kuambiwa akasikia. Alilirekebisha lile la watu weusi. Lakini haya ya Mayahudi, kutoka mwaka 1983 hata mwaka 1990, alikuwa na miaka 7 ya kuyarejea akayafuta, naye badala ya kuyafuta akayatilia mkazo. Hapa ndipo mwili wangu uliposisimka. Miaka 7 ni mingi kwa mwenye kuomba msamaha. Na mimi je, miaka 30 niliifanyia nini?

Baada ya kufa kwake deni hilo lilibaki. Mwaka 2014 wakuu wa kiwanda cha serikali ya Uingereza kinachopiga sarafu walifikiri kutoa sarafu ya ukumbusho wa miaka 100 ya kuzaliwa kwake, wakaacha kwa sababu ya sifa yake hiyo. Mwezi wa Desemba mwaka 2020, miaka 30 baada ya mauti yake, jamaa zake na kampuni inayosimamia vitabu vyake wakatangaza kuomba radhi kwa machungu ambayo maneno yale yaliwatia watu. Na mwaka 2023 jumba la makumbusho lenye jina lake, lililoko katika kijiji cha Great Missenden alikoishi, likaweka tamko la kukiri waziwazi ubaguzi wake.

Wapo wasemao kwamba radhi ya warithi haina maana. Mimi siwezi kusema hivyo. Sisi Waislamu twajua kwamba maiti akiacha mali na deni, warithi hawagawani mali mpaka deni lilipwe. Na jamaa zake wamerithi mali iliyotokana na kalamu ile ile. Basi ni vyema walitambue na deni lake. Lakini deni la shilingi hulipwa na mwingine likaisha. Deni la ulimi ni zito zaidi, kwa kuwa haki ya mja haisamehewi ila na aliyedhulumiwa, na aliyedhulumiwa ni kaumu nzima, waliokufa na walio hai. Ni nani awezaye kwenda mlango kwa mlango kuwaomba wote msamaha? Ndiyo sababu mwenye akili hujilipia deni hilo mwenyewe, angali ana pumzi, au bora zaidi, halikopi.

Binti yangu akaniuliza tena kama arudishe kitabu kile, asikisome. Nilimwambia akisome. Kitabu hicho kina habari za mji wake, na kina mtu aliyependa hadithi na aliyejua kuzisimulia. Lakini asikisome kwa kusujudu. Na ajue kwamba mkono ulioandika mazuri waweza kuandika mabaya, kwamba kipaji si ucha Mungu, na kwamba kumpenda mtu kwa alilofanya vizuri hakukulazimishi kulimeza na alilofanya vibaya. Naona hii ni bora kuliko kumficha mtoto kitabu, kwani atakikuta mahali pengine, naye hana mtu wa kumweleza.

Mwanangu mkubwa sikumkinaisha kwa usiku mmoja, wala sitawadanganya. Aliniambia, "Nimekusikia, Baba," akaenda zake. Lakini tangu siku ile asemapo habari za Gaza husema "jeshi" na husema "serikali ya Israel", wala sijamsikia tena akisema lile neno jingine. Kwa kijana mwenye moyo unaowaka, hilo si haba. Ghadhabu yake haikupungua. Imejua tu pa kuelekea.

Kulibaki chuoni. Juma lililofuata niliwakusanya watoto wote, nikakaa chini pamoja nao, bakora nikaiacha ndani. Nikawaambia, "Nimewafundisha neno baya. Nilisema kwamba mchoyo ana roho ya Kiyahudi. Nilikosea. Uchoyo ni wa mchoyo mwenyewe, awe wa kabila lo lote. Nimetubu kwa Mola wangu, nanyi mnisamehe, na atakayenisikia nikilisema tena anikumbushe." Kisha nikawasimulia habari ya Bibi Safiya, safari hii kama inavyopasa.

Yule mwenye miaka 9 akanyosha mkono. "Maalim," akasema, "sasa asiyetoa maandazi tumwite nani?"

Nikamjibu, "Mwite kwa jina lake, umwombe mara ya pili."

Ndugu wasomaji, hayo ndiyo niliyotaka kuwafikishia. Kila mmoja wetu atazame nyumbani mwake na katika ulimi wake: ni kaumu gani amezoea kuifanya tusi? Huenda si Mayahudi. Huenda ni kabila la jirani, au watu wa dini nyingine, au watu wa bara, au watu wa pwani. Marehemu yule hawezi tena kufuta neno lake. Sisi tunaweza, maadamu jua la leo halijachwa.

Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, azitengeneze ndimi zetu, awanusuru wanaodhulumiwa popote walipo, na atujaalie kuwa waadilifu kwa tunaowapenda na kwa tunaowachukia. Amin.

Wassalaam.